Mgeni Siku ya Tatu Mpe Jembe: Kazi ya Mwandishi Mgeni katika Kongamano

Hotuba hii niliitoa Tanga mbele ya waandishi waliokusanyika kwa kongamano lao, nikiwa mmoja wa waandishi waalikwa. Naiweka yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu washairi, walimu wa fasihi, wachapishaji, waandishi wenzangu, na ninyi vijana mliokaa safu za nyuma na miswada yenu mapajani: Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wote, habari za asubuhi.

Nawashukuru wenyeji wetu kwa mapokezi yao ya Kitanga, ambayo sifa yake imevuma tangu zamani nami leo nimeithibitisha. Nimepewa saa nzima niseme nikiwa mwandishi mgeni, na desturi ingenitaka niwasimulie habari za vitabu vyangu: nilivyoanza, nilivyohangaika, nilivyochapishwa. Naomba mniruhusu nisifuate desturi hiyo. Nataka tuzungumze juu ya nafasi hii yenyewe niliyopewa. Mwandishi mgeni anaitwa kwenye kongamano afanye nini? Tunamwona anafika, anakaribishwa meza ya mbele, anasoma hotuba yake, anapigiwa makofi, anapiga picha na waandaaji, kisha anawahi basi la jioni. Je, ndiyo kazi tuliyomwitia hiyo? Wahenga walituambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Nauliza kwa heshima zote: mwenyeji wa namna hiyo amepona nini?

Wahenga haohao walituambia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hilo jembe ndilo ninaloliombea leo. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba mwandishi mgeni huitwa afanye kazi na waandishi aliowakuta, na kwamba faida ya kuja kwake ipimwe kwa kazi hiyo, wala si kwa uzuri wa hotuba yake. Na sisi tunaomwalika ndio wenye wajibu wa kumpangia shamba.

Twende Kampala, Juni 1962, katika Chuo cha Makerere. Uganda ilikuwa bado haijapata uhuru wake. Bendera yake ilipandishwa Oktoba mwaka huo. Hapo Makerere walikutana waandishi kutoka Nigeria, Ghana, Afrika Kusini, Kenya, Uganda na kwingineko, katika mkutano ulioitwa Kongamano la Waandishi wa Afrika Wanaoandika kwa Kiingereza. Ukisoma leo majina ya waliohudhuria unadhani unasoma mtaala wa fasihi wa chuo kikuu: Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, J. P. Clark, Ezekiel Mphahlele, Lewis Nkosi, Bloke Modisane, Grace Ogot, Rebeka Njau. Kutoka Marekani alikuja mshairi mkongwe Langston Hughes. Lakini tusisahau kwamba wakati ule wengi wao walikuwa vijana. Achebe alikuwa na miaka 31 na riwaya mbili zilizochapishwa. Soyinka alikuwa hajatimiza miaka 28.

Katika chuo hichohicho alikuwapo mwanafunzi mmoja aliyeitwa wakati huo James Ngugi, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Ngugi wa Thiong'o, na ambaye ametutoka Mei 2025. Alikuwa amechapisha hadithi fupi mbili tu: moja katika jarida la wanafunzi lililoitwa Penpoint, na nyingine katika jarida la Transition, ambalo lenyewe lilikuwa changa. Hadithi hizo mbili ndizo zilizompatia kiti. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba katika mambo yote ya siku zile, lililomvuta kuliko yote lilikuwa nafasi ya kukutana na Achebe, kwa sababu alikuwa na mswada wa riwaya uliopigwa chapa, ungali haujakamilika, naye alitaka Achebe ausome.

Achebe aliusoma. Ndugu zangu, naomba tusimame kidogo hapo. Mgeni ambaye jina lake lilikwisha kuvuka bahari, aliyekuja na hoja zake za kujadili, na ambaye bila shaka kila mtu alitaka kuzungumza naye, alitenga muda wa kusoma karatasi za mwanafunzi. Alimpa maoni yake na kumtia moyo, kisha akaupendekeza mswada ule kwa wachapishaji wa Heinemann, ambao mwaka huohuo walikuwa wameanzisha mfululizo wao wa vitabu vya waandishi wa Afrika, na Achebe akawa mhariri wake kwa miaka 10. Mwaka 1964 riwaya ya mwanafunzi yule ikatoka.

Sasa nawauliza. Mada zilizosomwa ukumbini Makerere ni zipi? Walimu wa fasihi waliomo humu watazitaja baadhi. Sisi wengine hatuzijui. Tunajua kwamba walijadiliana kwa muda mrefu na kwa ukali kuhusu swali la fasihi ya Kiafrika ni ipi. Swali lile lilikuwa la haki, lakini halijapata jibu hadi leo. Mswada ulipata jibu. Mswada ulipata msomaji, ukapata mhariri, ukapata mchapishaji, na ukatupatia mwandishi ambaye bila yeye tusingeweza kuisimulia historia ya fasihi ya Afrika Mashariki. Na jambo hilo, kwa kadiri ninavyofahamu, halikuwamo katika ratiba.

Ndipo ninaposhangaa. Ikiwa lililo bora kuliko yote lilitokea nje ya ratiba, kwa nini sisi hatuliingizi katika ratiba? Kwa nini tunaiacha kazi iliyo kubwa iwe ya bahati nasibu, itegemee ujasiri wa kijana kumfuata mgeni kwenye ngazi au kumsubiri mlango wa chakula? Kijana mwenye haya afanyeje? Binti aliyelelewa kwamba si adabu kumsimamisha mtu mzima njiani afanyeje? Wangapi waliondoka na miswada yao mikobani, hapo Makerere na kwingine kote, kwa sababu tu hawakuthubutu?

Lipo jambo jingine la Makerere ambalo halisemwi mara nyingi. Grace Ogot, muuguzi na mkunga kwa taaluma, alisoma hapo hadithi yake fupi. Alipotazama maandishi yaliyowekwa mezani na yaliyowasilishwa, akagundua kwamba Afrika Mashariki haikuwa na kitu cha kuonyesha. Wageni kutoka Magharibi ya Afrika walikuwa na riwaya, tamthilia na diwani. Wenyeji hawakuwa nacho. Jambo hilo lilimchoma, likamsukuma aandike na kuchapisha kwa bidii. Mwaka uliofuata hadithi yake ile ikatoka jaridani, na miaka michache baadaye zikafuata riwaya na mikusanyo ya hadithi. Huko nako ni kupona. Mgeni alikuja na vitabu vyake, na mwenyeji akaona pengo katika rafu yake mwenyewe.

Na huyo Langston Hughes? Yeye alikuwa amekwisha kukusanya maandishi ya Waafrika kwa miaka kadhaa na kuyatoa kitabuni mwaka 1960, na mwaka 1963, mwaka mmoja tu baada ya Makerere, alitoa mkusanyo mwingine, huu wa mashairi. Mtu wa umri wake na sifa zake angeweza kabisa kuja kusifiwa na kurudi nyumbani. Alipendelea kubeba mashairi ya wengine.

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa nisimulie jambo dogo nililoliona kwa macho yangu, katika mkutano mmoja wa washairi hapa pwani. Mgeni alikuwa mzee, mshairi wa arudhi, yaani wa kanuni za vina na mizani, mwenye kanzu iliyopauka mabegani na kalamu ya risasi aliyoichonga kwa wembe. Hakupewa jukwaa. Alipewa meza, benchi, na vijana wachache. Binti mmoja wa sekondari alimwekea daftari mbele yake. Lilikuwa shairi la tarbia, la mishororo minne kila ubeti, kila mshororo mizani 16: nane ukwapini, yaani nusu ya kwanza, na nane utaoni, nusu ya pili. Mzee akawa anausoma ukwapi wa mshororo wa kwanza huku akigonga meza kwa kidole, kila silabi pigo moja: "Ba-ha-ri ya-tu-pa sa-ma-ki." Kidole kikagonga mara tisa. Hakusema neno. Akasoma tena, akagonga tena, tisa. Akamsogezea binti daftari na kalamu.

Binti akainama. Akaandika, akafuta, akaandika. Mwisho akasoma kwa sauti ndogo, naye sasa akigonga mwenyewe: "Pwa-ni ya-tu-pa sa-ma-ki." Nane. Tukadhani kazi imekwisha. Lakini mzee akamwuliza, "Mjukuu wangu, mizani imekaa. Lakini umebadili bahari kuwa pwani. Bado umesema ulilotaka kusema?" Yule binti akafikiri, kisha akajibu kwamba kweli hasa ni hiyo ya pili, kwa sababu yeye baharini hajapata kwenda, samaki anawajua wakiwa wameshafika mchangani, pale mama yake anaposimama na ndoo kungojea ngalawa. Mzee akasema, "Basi shairi lako linaanza hapo. Mwandike mama na ndoo yake."

Niambieni, ni hotuba gani ya saa moja kuhusu umuhimu wa arudhi ingemfundisha binti yule jambo hilo? Alijifunza kwamba kanuni inaweza kumsukuma mwandishi kuelekea kwenye ukweli wake. Alijifunza kwamba silabi moja ina uzito. Na alijifunza yote hayo kwa kugonga meza mwenyewe. Mpenzi wa ushairi huru akisikia habari hii asidhani namshambulia. Tunaikumbuka vita kali ya kalamu iliyozuka miaka ya 1970, baada ya mshairi Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974 na kuutetea ushairi usiofungwa na vina na mizani. Wapo waliosema wazi kwamba yale si mashairi. Mimi nawaheshimu wote wa pande zile mbili, kwa sababu walikuwa wakibishana juu ya maandishi yaliyo mbele yao, mshororo kwa mshororo. Hata mshairi wa ushairi huru anahitaji mgeni atakayekaa naye benchini na kumwuliza kwa nini amekata mstari hapa asiukate pale.

Sasa nageukia jambo zito zaidi, na naomba uvumilivu wenu, maana hapa tulipokaa ndipo panapolihusu. Tumeuliza mgeni afanye nini. Tuulize pia: tunamwita nani, na tunamwacha nani?

Nimewatajia walioalikwa Makerere Juni 1962. Sasa niwatajie ambaye hakuwapo. Shaaban Robert alizaliwa Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Alianza kama karani wa forodha, mtu aliyeandika huku akifanya kazi ya serikali. Kufikia mwaka 1962 alikuwa ameandika mashairi, tenzi, insha, hadithi, tawasifu ya maisha yake mwenyewe na wasifu wa Siti binti Saad. Kitabu chake cha hadithi, Kusadikika, kilikuwa kimetoka tangu mwaka 1951, miaka saba kabla ya riwaya ya kwanza ya Achebe. Hakuna aliyekuwa mkubwa kumzidi katika lugha hii. Lakini kongamano lilikuwa la wanaoandika kwa Kiingereza, na kwa hiyo mwanafunzi mwenye hadithi fupi mbili alikuwa na sifa ya kuhudhuria, na Shaaban Robert hakuwa nayo. Si mimi ninayesema hivyo kwa mara ya kwanza. Ngugi mwenyewe, aliyefaidika na kongamano lile kuliko karibu mtu yeyote, ndiye aliyeuliza swali hilo katika kitabu chake cha mwaka 1986, na tangu hapo hatuwezi tena kuitaja Makerere bila kuuliza yuko wapi Shaaban Robert.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba Makerere haikuwa ugenini kwa Kiswahili. Katika miaka ya 1950 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake hapohapo Makerere, na Shaaban Robert alikuwa mjumbe wa kamati hiyo. Chuo kilimjua. Lugha yake ilikuwa na ofisi pale. Na katika mwezi uleule wa Juni 1962, waandishi wa Afrika walipokuwa wakijadili fasihi ya Kiafrika ni ipi, Shaaban Robert alifariki dunia.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tunavyosema. Je, tunamtunza? Tusiwatupie lawama watu wa mwaka 1962 peke yao. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Riwaya yake iliyomfanya ajulikane zaidi, inayosimulia nchi yetu, njia zetu za misafara na watu wetu wa pwani, ilitoka mwaka 1994. Tuzo ya Nobel ikamfikia Oktoba 2021. Ndipo riwaya ile ikasomeka kwa Kiswahili, mwaka 2022, kwa jina la Peponi, katika tafsiri nzuri ya Ida Hadjivayanis. Hesabuni: miaka 28. Ni mikutano mingapi yetu iliyowahi kumwita kabla ya Oktoba 2021? Na leo, ni nani anayeandika katika mtaa wetu huu, mzee au bibi mwenye madaftari ya tenzi sandukuni, ambaye tunasubiri watu wa mbali wamtawaze kwanza ndipo tumwone?

Napendekeza hivi, na napendekeza kwa uzito: kila kongamano linalomleta mgeni kutoka mbali limkalishe mezani pamoja naye mwandishi mmoja wa mji huohuo, kwa heshima ileile, kwa posho ileile, na jina lake liandikwe kwa herufi za ukubwa uleule. Januari 2000 waandishi na wanazuoni walipokutana Asmara, Eritrea, walitoa azimio kwamba lugha za Afrika lazima zibebe wajibu wa kulisemea bara hili, na kwamba lugha hizo zizungumze zenyewe kwa zenyewe kwa njia ya tafsiri. Ngugi alikuwapo, Nawal El Saadawi alikuwapo, Ama Ata Aidoo alikuwapo. Azimio lile ni zuri. Lakini azimio halimfikishi mzee wa Pangani ukumbini. Nauli ndiyo inayomfikisha.

Na kwa kuwa nimegusa nauli, nisipite bila kugusa fedha. Kongamano la Makerere lilidhaminiwa na shirika lililojiita la uhuru wa utamaduni, lenye ofisi zake Paris. Katika miaka ya 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba shirika hilo lilikuwa likipokea fedha za shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Waandishi waliokula chakula kile na kulala katika vile vyumba hawakujua. Sisemi kwamba kazi zao ziliharibika. Riwaya ya Ngugi haikuandikwa na jasusi. Nasema kwamba mwandishi ana haki ya kujua anayemlipia kitanda, na kwamba njia ya uhakika ya kulijua hilo ni kuchanga wenyewe. Kongamano dogo la michango yetu, lenye mgeni mmoja aliyekuja kwa basi, halituwii deni kwa mtu tusiyemjua.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo pengine litawakera baadhi yetu. Katika mikutano yetu tuna mgeni rasmi na tuna mwandishi mgeni, na hao ni watu wawili tofauti. Mgeni rasmi ni kiongozi. Tunamheshimu na tunamshukuru anapokuja. Lakini mara ngapi tumekaa ukumbini tangu saa mbili asubuhi tukimsubiri hadi saa tano? Na inapofika saa tano, kinachopunguzwa katika ratiba ni nini? Risala haipunguzwi. Utambulisho wa meza kuu haupunguzwi. Ngoma hazipunguzwi. Inapunguzwa ile saa ya warsha, saa ambayo mwandishi mgeni angekaa na vijana na miswada yao. Saa ile ndiyo jembe. Tunampokonya mgeni jembe kabla hajalishika, kisha tunashangaa mbona shamba ni pori.

Nawaomba waandaaji wote walio hapa: saa ya miswada iwe ya kwanza, alfajiri ya kongamano, kabla ya mgeni rasmi hajaamka.

Jambo la mwisho kabla sijaeleza tutakavyofanya leo. Mgeni ana nafasi ya kusema ambayo mwenyeji hana, na asipoitumia ameidhulumu. Februari 1967 waandishi wa Afrika walialikwa Stockholm, Uswidi, wakutane na wenzao wa nchi za Skandinavia. Soyinka alisimama na badala ya kuwafurahisha wenyeji wake kwa sifa za Afrika, aliwaambia waandishi wenzake kwamba wameyafumbia macho yanayotokea katika nchi zao wenyewe baada ya uhuru. Haikuwa hotuba tamu. Agosti mwaka huohuo alikamatwa Nigeria, kwa kuwa alijaribu kusimamisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokuwa vimeanza, akakaa kizuizini zaidi ya miezi 20. Aliyowadai wenzake ugenini aliyatenda nyumbani, akayalipia. Sitaki mgeni yeyote wetu afungwe. Nataka tu awe mkweli kwetu. Mgeni anayetuambia kwamba kila mswada aliousoma ni mzuri ametunyima haki yetu, hata kama ametupendeza. Tumwulize nasi maswali yenye manufaa: mkataba wako wa kwanza ulisema nini? Hakimiliki ulibaki nayo au uliiuza kwa malipo ya mara moja? Mirabaha inalipwa kila baada ya muda gani, na ukicheleweshewa unafanyaje? Mhariri wako alikukatia sura ngapi, na ulikubali kwa sababu gani? Mwandishi anayeona haya kujibu maswali hayo mbele ya vijana amekuja kutembea.

Basi, ndugu zangu, nami nisije nikawa mgeni wa maneno. Nimezungumza na Mwenyekiti, naye amekubali. Baada ya chakula cha mchana sitakaa meza kuu. Mimi na wenzangu waalikwa, pamoja na mabibi na mabwana wawili washairi wa hapa Tanga ambao wamekubali kwa ukarimu kukaa nasi, tutagawana vyumba vya darasa vilivyo upande wa pili wa uwanja. Kila meza itakuwa na waandishi wasiozidi wanane. Kila mmoja alete kurasa zisizozidi tano, na azisome kwa sauti yeye mwenyewe, kwa sababu sikio huona kosa ambalo jicho limelizoea. Wengine wasikilize bila kukatiza. Kisha tuanze na mstari wa kwanza, na tusiuache mpaka tumekubaliana unafanya kazi gani pale ulipo.

Wenye mashairi ya arudhi wakae na wazee. Wenye hadithi fupi na riwaya waje kwangu. Wenye tamthilia wameandaliwa ukumbi huu, kwa kuwa wanahitaji nafasi ya kusimama. Na wale ambao hawakubeba chochote, wapo wenzetu mlangoni wenye karatasi na kalamu. Andikeni ukurasa mmoja wakati wa chakula. Mabinti waliokaa nyuma, nawaona. Msisubiri muitwe kwa majina. Njooni mkae mbele, karibu na meza.

Wale watakaopenda niendelee kuusoma mswada wao hata baada ya leo, waniachie nakala pamoja na anwani. Nitazisoma zote na kuzirudisha na alama za kalamu pembeni, na nimewaomba wenzangu waalikwa nao wafanye hivyo, nao wamekubali mbele ya Mwenyekiti. Mwakani, mtakapomwita mgeni mwingine, mwambieni mapema, katika barua ileile ya mwaliko, kwamba atatumiwa miswada mitatu ya kusoma kabla hajafika. Akikataa, mwiteni mwingine.

Ndugu Mwenyekiti, nakushukuru kwa nafasi. Tukutane darasani saa nane kamili.